Mara ya kwanza Sturgis, Agosti 2026: tulale wapi, na kutoka Minneapolis tuende vipi?

TairiMbili_MN aliuliza:

Wakuu, salaam. Mimi na binamu yangu tunataka kwenda rali ya pikipiki ya Sturgis, South Dakota, mwaka huu, tarehe 7 hadi 16 Agosti. Hatuna haja ya siku zote kumi, nne au tano zinatosha. Tunatokea Minneapolis. Mimi nina Honda Shadow Aero 750, yeye ana Honda Rebel 500. Safari zetu hadi sasa ni za kutoka asubuhi na kurudi jioni, hatujawahi kulala njiani na pikipiki.

Ninachotaka kujua:

1. Hoteli au hema? Nikitafuta vyumba naona vimeisha au bei haishikiki.
2. Safari yote ni siku moja au mbili?
3. Pikipiki zenyewe zinahitaji nini kabla ya kuondoka? Rebel itafika?
4. Kuna la kisheria la kujua? Binamu bado ana permiti, hajapata leseni kamili ya pikipiki.

Asanteni.

---

Mlinda_Lango:

Karibu mkuu. Ningeanza na la kulala, maana ndilo linaloamua mengine yote.

Sturgis ni mji wa watu kama 7,000. Wakati wa rali unapokea mamia ya maelfu. Mwaka 2015, rali ilipofika ya 75, walihesabiwa kama 739,000. Vyumba vya mjini haviwezi kutosha, na wengi wanaolala humo huweka nafasi ya mwaka ujao siku ile ile wanapokabidhi funguo. Kwa hiyo usipoteze muda kutafuta chumba Sturgis kwenyewe. Tafuta kwenye duara linaloizunguka.

Deadwood iko maili kama 13, ni mji wa kasino ulio milimani. Hoteli ni nyingi ila ghali. Spearfish ni maili 20 magharibi kwa I-90, mji mtulivu, karibu na barabara nzuri za korongo. Rapid City ni maili 28 mashariki, na ndiko kwenye vyumba vingi kuliko kwingine kote. Belle Fourche kaskazini husahaulika, hivyo iangalie. Zaidi ya hapo unafika Wall (maili 80 mashariki) au Gillette, Wyoming (zaidi ya maili 100 magharibi), na hapo bei huanza kushuka.

Lakini usichague kwa bei peke yake. Jiulize: jioni nitarudi saa ngapi? Agosti kule jua linazama karibu saa 2 usiku, na kuanzia wakati huo kulungu wanatoka kuvuka barabara. Wako wengi sana, hawaogopi kelele, na akipita mmoja jua kuna wa pili nyuma yake. Gari likimgonga linaharibika boneti, pikipiki ikimgonga unaanguka wewe. Mtu anayelala Wall kwa sababu ya bei halafu anataka kuona bendi ikipiga saa 4 usiku, amejipangia maili 80 za giza kila siku. Mkilala mbali, muwe watu wa asubuhi: mnafika Sturgis saa 3 asubuhi, mnaondoka saa 11 jioni. Mkitaka usiku wa Sturgis, laleni pale mnapoweza kwenda kwa miguu au kwa basi la kambi.

Kuhusu kuweka nafasi:

Piga simu hotelini moja kwa moja, usiishie kwenye tovuti za kuweka vyumba. Hoteli nyingi huwa na bei ya rali na idadi ya chini ya usiku, mara nyingi tatu hadi tano, na mambo hayo tovuti haziyaonyeshi vizuri. Uliza mambo manne na uandikiwe kwa barua pepe: bei yote pamoja na kodi, idadi ya chini ya usiku, tarehe ya mwisho ya kufuta bila kupoteza malipo, na pikipiki zinaegeshwa wapi (kwenye lami au changarawe, mbele ya kamera au nyuma ya jengo). Kisha piga tena wiki mbili kabla ya siku kuthibitisha.

Waliofuta huachia vyumba zaidi karibu na tarehe ya mwisho ya kufuta, mara nyingi siku 30 au 60 kabla. Kwa hiyo mapema Juni na mapema Julai pigeni simu hata pale mlipoambiwa pamejaa.

Nyumba za watu binafsi zipo nyingi, na matapeli nao wapo. Tangazo likiwa na picha nzuri, bei ya chini kuliko majirani, na mwenyewe anataka umtumie pesa kwa Zelle (programu ya simu) au kadi za zawadi, achana nalo. Lipa kwa kadi ya mkopo ili uweze kudai fedha zako.

Hila ya mwisho: rali inaanza Ijumaa, na msongamano mkubwa ni wikiendi ya kwanza hadi katikati ya wiki. Kuanzia Alhamisi ya tarehe 13 watu wanaanza kufunga mizigo. Kwa mara ya kwanza, na kwa siku nne, tarehe 11 hadi 15 ni nafuu kuliko 7 hadi 11: vyumba vinapatikana, barabara za milimani zinapumua, na wauza fulana wanaanza kupunguza bei.

---

ShaftiNaCheni:

Nitajibu la pikipiki. Rebel itafika, bila shaka. Swali ni itafika ikiwa na mtu wa hali gani juu yake.

Mafuta. Tangi la Rebel 500 ni lita 11.2, chini kidogo ya galoni 3. La Shadow Aero ni kama galoni 3.7. Kwenye karatasi zote zinakwenda mbali, lakini I-90 ya South Dakota inaruhusu maili 80 kwa saa na upepo wa mbele ni jambo la kila siku. Kwa mwendo huo, na mizigo, matumizi yanapanda sana. Jazeni kila maili 70 hadi 100, msisubiri taa iwake. Weka kihesabu cha safari sifuri kila unapojaza na uendeshe kwa namba hiyo.

Oktani. Hapa ndipo wageni wengi wanapokosea. Magharibi ya South Dakota vituo vingi huuza mafuta ya oktani 85 kama ndiyo ya kawaida, kitufe cha bei ya chini kabisa. Honda hizi zinataka angalau 86. Bonyeza 87 au zaidi hata kama ni ghali kidogo. Ukiweka 85 tangi moja kwa bahati mbaya injini haitakufa, ila ikipanda mlima kwenye joto inaweza kugonga. Punguza gia, usiilazimishe na gia ya juu. Na usichanganye oktani 85 na E85. E85 ni mafuta yenye ethanoli nyingi, mara nyingi mpira wake ni wa njano. Hiyo usiitie kabisa.

Tairi. Soma namba nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya nyuma yenye miaka sita au iliyofika karibu na alama za kuisha, badilisha Julai, usiende kubadilishia Sturgis. Mafundi wapo wengi kule, lakini foleni ni ndefu na saizi yenu huenda isiwepo.

Tofauti moja kubwa kati ya pikipiki zenu: Shadow Aero ina rimu za spoku na tyubu. Rebel ina rimu nzima zisizo na spoku, tairi bila tyubu. Ule mkuki wa kuziba pancha kwa uzi wa mpira unafanya kazi kwenye Rebel tu. Kwenye Shadow ukiuingiza unatoboa tyubu zaidi. Kuitengeneza Shadow njiani kunataka kutoa gurudumu, vyuma vya kufungulia tairi, tyubu mpya na kitu cha kuinulia nyuma, kwa sababu haina stendi ya kati. Kando ya I-90, malori yakipita, sio mahali pake. Kwa Shadow nunua huduma ya kuvutwa inayosema wazi kwamba inabeba pikipiki kwenye lori la kitanda tambarare, na soma ni maili ngapi. Kati ya Chamberlain na Wall kuna sehemu ndefu bila fundi; mpango wa maili 15 hautakufikisha popote. Kwa Rebel chukueni vifaa vya kuziba pancha na pampu ndogo ya betri.

Shafti na cheni. Shadow ina shafti inayozungusha gurudumu la nyuma badala ya cheni: kabla ya kuondoka cheki oili ya gia ya nyuma, ifike ukingo wa tundu la kujazia ikiwa imesimama wima kwenye sehemu tambarare. Rebel ina cheni: pima ulegevu wake kulingana na kibandiko kilicho karibu nayo, pikipiki ikiwa kwenye stendi ya pembeni bila mizigo, na uitie mafuta kila maili 300 hadi 400, jioni ikiwa bado ya moto. Maana yake usiku wa njiani mara moja, mkifika mara moja, na kabla ya kurudi. Mkinyeshewa, siku hiyo hiyo.

Mizigo. Vizito chini na karibu na kiti, vyepesi juu. Mfuko mmoja wa duara kwenye kiti cha nyuma, umefungwa kwa mikanda yenye vifungo vya kukazia, si kamba za mpira zenye ndoano. Ndoano zile zinafunguka kwenye mashimo, na kamba ikiingia kwenye gurudumu la nyuma, gurudumu linakwama. Ongeza presha ya tairi ya nyuma kama kibandiko kinavyosema kwa abiria na mizigo, pima asubuhi tairi zikiwa baridi. Taa ya mbele rekebisha tena, kwa sababu nyuma ikishuka taa inaangalia mbinguni.

Vitu vya mfukoni: fyuzi za akiba, spana na funguo za Allen za saizi za pikipiki yako tu, koleo, tepu ya umeme, waya kidogo, kebo ya simu, ufunguo wa pili ubebwe na mwenzako. Na kibao cha kuweka chini ya stendi. Kule lami inalainika kwa joto na nyasi zina udongo laini. Stendi inazama polepole na pikipiki inalala yenyewe ukiwa unakula. Kopo la soda lililopondwa linatosha.

---

HemaLaKaki:

Mlinda_Lango amesema kweli kuhusu hoteli, ila amepita haraka sana kwenye hema. Kwa watu wawili wa siku nne, kambi ndiyo jibu la kwanza, hoteli la pili. Sababu ni hiyo hiyo aliyoitaja: huendeshi usiku.

Kambi kubwa zimepangana mashariki mwa mji kwenye barabara 34. Buffalo Chip ndiyo inayojulikana zaidi. Pasi yake inauzwa kwa mtu, si kwa hema, na matamasha yamo humo humo. Maana yake gharama ikionekana kubwa, toa bei ya tiketi za muziki kabla ya kulinganisha na hoteli. Kambi ndogo za mjini na nyua za wakazi ni nafuu, na unatembea kwa miguu hadi Main Street, ila huduma hutofautiana: uliza bafu ni mangapi, maji ya kunywa yapo, na geti linafungwa saa ngapi.

Kelele. Kambi ya tamasha haifungi saa 4 usiku. Pikipiki zinanguruma hadi alfajiri. Ukitaka usingizi omba eneo la mbali na jukwaa, na nunua plagi za masikio za povu boksi zima. Hizo hizo utazivaa barabarani, upepo ndani ya helmeti kwa saa sita unachosha kuliko joto.

Mahali pa kutundika hema: juu kidogo, si kwenye bonde hata kama nyasi ni nzuri. Udongo wa pale ni mfinyanzi. Ukinyeshewa unakuwa tope linalonata kwenye tairi hadi linajaza chini ya madigadi na gurudumu halizunguki. Egesha kwenye changarawe mvua inapokaribia, hata kama ni hatua mia moja kutoka hemani. Vigingi vya plastiki vinavyokuja na hema haviingii ardhini Agosti. Nunua vya chuma, urefu wa inchi 9 au 10, na nyundo ndogo. Funga kamba zote za pembeni kila unapoondoka, hata asubuhi jua likiwaka. Dhoruba za kule zinakuja alasiri kutoka upande wa milima, upepo kwanza, halafu mvua ya mawe.

Kivuli hakuna. Hema saa 2 asubuhi ni tanuri. Turubai ya rangi ya fedha ya futi 8 kwa 10 juu ya hema inasaidia sana. Na usiku baridi inashuka kwenye nyuzi 12 hadi 15, hivyo chukua mfuko mwepesi wa kulalia na mkeka wa kujaza hewa.

Ukitaka utulivu kabisa kuna kambi za serikali. Hifadhi nyingi za jimbo hufungua nafasi siku 90 kabla, Custer State Park hufungua mwaka mmoja kabla, kwa hiyo hiyo ya Custer huenda imeshaisha, subiri wanaofuta. Mkiamua kulala msituni kwenye Black Hills, msiwashe moto wa kuni nje ya sehemu zilizojengewa. Ni kosa, na Agosti nyasi ni kavu kama karatasi. Jiko dogo la gesi linatosha chai.

---

TairiMbili_MN:

Shukrani sana wakuu. Hema nimelikubali, na tarehe 11 hadi 15 pia. Sasa njia. Ramani inasema saa tisa hivi kutoka Minneapolis. Si tunaweza kuondoka alfajiri tukafika jioni?

---

BintiBarabara:

Kaka, saa tisa za ramani ni za gari lenye kiyoyozi lisilosimama. Safari yenyewe ni kama maili 600. Kwa pikipiki ongeza kusimama kujaza mafuta mara saba au nane, kula, kunyoosha mgongo, na kukwepa mvua, ni saa 12 hadi 13. Maana yake maili za mwisho, zenye magari mengi kuliko zote, unazifanya jioni ukiwa umechoka, kulungu wakianza kutoka. Siku mbili.

Bahati nzuri inagawanyika katikati kabisa. Siku ya kwanza: kutoka Minneapolis shuka kwa barabara 169 hadi Mankato, kisha Minnesota 60 hadi Worthington, hapo mnaingia I-90 kwenda magharibi kupitia Sioux Falls hadi Mitchell. Ni maili kama 305. Lala Mitchell. Weka nafasi na hapo pia, sio Sturgis tu. Wote wanaotoka mashariki wana wazo hilo hilo.

Siku ya pili ni rahisi kuihesabu kwa sababu namba za njia za kutokea kwenye I-90 ya South Dakota ni maili kutoka mpaka wa Wyoming. Mitchell ni 332, Sturgis ni 30 na 32, kwa hiyo mna maili 300. Vituo: Chamberlain 263, kwenye mto Missouri, ni maili 69 kutoka Mitchell. Murdo 192, maili 71 nyingine. Kadoka 150. Wall 110. Kisha Rapid City. Hiyo ndiyo ratiba ya mafuta hata ya Rebel, na ndiyo ratiba ya maji pia. Kila mkisimama, nusu lita kila mtu, kiu iwepo isiwepo.

Mbele ya Murdo saa inarudi nyuma saa moja, mnaingia saa za Mountain. Mkiwa na miadi ya kambi au mmewaahidi watu simu, kumbukeni hilo. Kwenda mnapata saa, kurudi mnaipoteza.

Kama mna nguvu, tokeni namba 131 mpite barabara ya Badlands hadi Wall. Haiongezi maili nyingi, ila mwendo ni wa polepole na jua halina huruma, kwa hiyo fanyeni hivyo kabla ya saa 6 mchana au msifanye kabisa siku hiyo. Kuna ada ya hifadhi, na beba kadi.

Upepo ndio utakaowachosha. Uwanda wa pale hauna mti. Upepo wa ubavu unaisukuma Rebel kuliko Shadow kwa sababu ni nyepesi. Legeza mikono, usibane usukani; bana tangi kwa magoti na uache pikipiki ilale kidogo upande upepo unakotoka. Ukilipita lori, upepo unakatika ghafla ukiwa ubavuni mwake kisha unakupiga tena ukitokea mbele. Lipite haraka, kaa upande wa mbali wa loni yako. Na hamlazimiki kwenda 80. Kaeni kulia na 70, Rebel haitatetemeka sana na mafuta yatakaa. Anzeni saa 12 asubuhi, kwa kawaida upepo huwa mpole hadi kabla ya adhuhuri.

Mkiona wingu la kijani-kijani au jeusi lenye pazia chini, ingieni kituo cha mafuta kilicho na paa mkae. Msisimame chini ya daraja la barabara kuu. Magari yanayokimbia mvua ya mawe nayo yanasimama hapo, na ya nyuma hayaoni.

Wawili tu, pangeni hivi: mwenye tangi dogo atangulie, yeye ndiye anayeamua kusimama. Mbele anakaa kushoto kwa loni, wa nyuma kulia, sekunde mbili nyuma. Mkubaliane mahali pa kukutana mkipotezana: njia ya kutokea inayofuata yenye kituo cha mafuta, upande wa pampu. Simu msizitegemee. Siku za rali mtandao unajaa, na kwenye barabara za milimani za Spearfish Canyon na Needles mara nyingi hakuna mawimbi, kwa hiyo pakueni ramani kabla.

---

Mlinda_Lango:

Narudi kwenye swali la nne ambalo wote tumelikwepa, na ndilo linaloweza kuizuia safari nzima.

Permiti ya pikipiki ya Minnesota hairuhusu kuendesha usiku, kubeba abiria, wala kuingia barabara kuu za kitaifa (Interstate, zile zenye herufi I). I-90 ni barabara kuu ya kitaifa. Kwa hiyo binamu hawezi kufanya safari hii na permiti, na bima ikijua alikuwa nje ya masharti inaweza kukataa kulipa. Dawa yake: ajiandikishe sasa kwenye kozi ya msingi ya Minnesota Motorcycle Safety Center. Kozi zinaanza masika na hujaa mapema. Jaribio la kuendesha linafanyika mwishoni mwa kozi. Akifaulu anakwenda ofisi ya leseni kuongezewa daraja la pikipiki. Akimaliza Mei, ana Juni na Julai za kujijenga. Wikiendi moja ya Julai fanyeni maili 300 kwa siku moja, mlale nje, mrudi. Hapo ndipo mtajua kiti kipi kinaumiza na mfuko upi unavuja.

Bima: Minnesota ni jimbo la bima isiyotafuta mwenye kosa kwa magari, lakini pikipiki hazimo kwenye malipo yale ya matibabu. Ukianguka, hospitali inalipwa na bima yako ya afya. Wenye bima ya afya ya jimbo wapige simu kuuliza nje ya Minnesota inalipa nini, kwa sababu nyingi hulipia dharura tu. Ongezeni malipo ya matibabu kwenye bima ya pikipiki kama kampuni inayo.

Helmeti South Dakota ni lazima kwa walio chini ya miaka 18 tu, lakini kinga ya macho inatakiwa bila kujali umri. Vaeni zote mbili. Chukueni miwani au kioo cheupe cha jioni, si cheusi peke yake. Kupita katikati ya magari kwenye foleni huko hairuhusiwi. Asiye raia mwenye kadi ya ukaazi aibebe yenyewe, si picha yake; ndivyo sheria inavyotaka.

Mjini: Main Street inafungiwa magari, pikipiki tu. Unaegesha kinyumenyume, tairi la nyuma kwenye ukingo, pua ikiangalia barabara, gia ya kwanza ikiwa imeingia. Ifikapo saa 4 asubuhi nafasi zimekwisha; wakazi wa mitaa ya jirani wanakodisha nyua zao. Usiguse pikipiki ya mtu, usiikalie kwa ajili ya picha, hata kama hayupo. Na fulana au vesti yenye nembo ya vipande vitatu mgongoni, kile cha juu, cha kati na cha chini, msivae, hata kama ni ya kundi lenu la marafiki. Klabu zenye nembo hizo huzichukulia kuwa za kwao, na hampo pale kubishana.

Jumatano epukeni upande wa Hulett na Sundance, Wyoming, kama mlitaka kuona ule mwamba mkubwa wa Devils Tower kwa utulivu. Siku hiyo wote wanakwenda huko. Nendeni Alhamisi.

---

TairiMbili_MN:

Hili la permiti lingetuumbua. Binamu anajiandikisha wiki hii. La mwisho: zile barabara za milimani, Needles Highway na Iron Mountain Road, Rebel na mtu mpya ataziweza?

---

ShaftiNaCheni:

Rebel ndiyo pikipiki ya barabara hizo kuliko Shadow. Ni nyepesi, inageuka. Iron Mountain Road ni maili 17 zenye kona 314, mahandaki matatu, na yale madaraja ya mbao yanayojizungusha. Kwa mtu mpya aanze na Spearfish Canyon siku ya kwanza. Kona zake ni pana na kikomo cha mwendo ni 35. Halafu Iron Mountain, na Needles mwisho.

Kwenye Needles tundu la Needles Eye lina upana wa futi 8 tu. Gari na pikipiki havipishani humo. Simama kabla, washa taa, sikiliza, subiri anayetoka. Zile kona za kurudi nyuma, ingia na gia ya kwanza au ya pili, angalia unakotaka kutokea, si kwenye ukuta. Breki ya mbele ukiwa umeinamisha pikipiki kwa mwendo mdogo itakuangusha. Tumia ya nyuma na klachi. Na kuna changarawe kwenye mabega ya kona, hasa baada ya mvua ya jana.

Needles inataka pasi ya Custer State Park. Iron Mountain, ambayo ni barabara 16A, ukipita bila kusimama hutozwi. Ingieni saa 1 asubuhi, mtoke kabla ya saa 4. Baada ya hapo mnakaa nyuma ya misururu mnaburuza klachi, na klachi yenye moto kwenye mteremko si pa kujifunzia.

Nyati wa Marekani wakiwa barabarani kwenye Wildlife Loop, barabara ya humo humo Custer State Park, simameni mbali, injini zizunguke polepole, msipige honi wala kukanyaga mafuta ili wasogee. Gari lina mlango, ninyi hamna. Kama kuna gari mbele yenu, liacheni lipite kwanza, mfuate nyuma yake kwa karibu.